Ugomvi wa Mama Clémentine na Dalo

Watu wa upande wa Wamaza walijua mikate ya Mama Clémentine na mdomo wake kabla ya kumjua mwenyewe. Mikate ilikuwa laini.

Aliishi kando ya barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, mahali ambapo kilima kinamwaga maji yake yote bila kumwuliza mtu. Barabara ikifika hapo inaacha kuwa barabara, inakuwa jambo la imani. Wenye pikipiki walipita wakiomba, wengine wakitukana, na wengi walifanya yote mawili kwa pumzi moja. Lori likiingia, lilikaa. Kuna lori moja lililokaa hata dereva wake akaoa pale pale, na mpaka leo wakwe zake hawataki kusikia mtu akiyasema matope vibaya.

Mikate aliioka ndani ya furu, yaani tanuri la udongo, la mviringo kama kichwa cha mzee mwenye upara. Lilijengwa na marehemu mume wake, Antoine. Antoine alikuwa fundi wa mbao, Mungu amlaze pema, lakini viti vyake vilikuwa majaribu. Vilianguka kimoja kimoja, vingine vikiwa na wageni juu yake. Kilibaki kimoja tu, na hicho kilisimama kwa sababu hakuna aliyethubutu kukikalia. Furu, ambalo halikuwa kazi yake kabisa, ndilo lilimtoka vizuri. Alichimba udongo wa kichuguu, kwa maana udongo wa mchwa unashika moto, akaukanda kwa miguu huku akiimba, akajenga, na halikupata hata ufa. Mama Clémentine alipoulizwa kwa nini haolewi tena, alijibu kwamba mume wake bado yuko nyumbani, anatoa moshi tu.

Na mkate wa Meza ya Bwana, ule wa Jumapili ya Ushirika Mtakatifu, ulitoka ndani ya furu hilo na si pengine. Heshima hiyo alikuwa nayo, na aliishika kwa mikono miwili.

Kiangazi kilipoingia wakafika watu wa kampuni ya barabara, wamevaa jile, vizibao vya rangi ya machungwa, wakarusha kadege kadogo kasiko na mtu ndani. Kadege kalipita juu ya njia yote, kakipiga picha, kakafika kwa Mama Clémentine kakasimama angani, kakilia kama nyuki aliyefiwa. Yeye alikuwa kwenye furu, nguo imepandishwa magotini kwa sababu ya joto. Alikaangalia, akakaambia kaende kakamwangalie mama yake. Kalienda, naye akafikiri maneno yamekwisha.

Hayakuisha. Baada ya majuma kadhaa alipita Dady, kijana wa pikipiki aliyekuwa akibeba mizigo kutoka Kasongo hadi Salamabila kwenye dhahabu, na habari za watu bila kutoza. Hakuzima hata moto wa pikipiki.

“Mama Clémentine, injinieri Ruphin wa kampuni ya barabara amenituma. Mashine yao imeona konfli. Konfli iko kati ya wewe na Dalo. Anasema usiguse kitu, anakuja mwenyewe kuimaliza.”

Akaondoka, akaacha moshi na neno.

Na neno lenyewe si la kuchezea. Konfli, katika nchi hii, si wake wawili kununiana kisimani. Konfli ni kijiji kukimbia na mikeka kichwani. Ni neno lililokuja na magari ya mashirika, na semina, na soda. Kabla jua halijafika juu ya vichwa, habari ilikuwa imemfikia Pasta Gédéon, mchungaji wa kanisa na rais wa kamati ya amani.

Kamati hiyo iliundwa na shirika fulani ambalo liliwagawia wajumbe fulana nyeupe zenye njiwa mgongoni, njiwa aliyefanana sana na kuku, kisha likaenda zake. Tangu hapo wajumbe walikaa na fulana zao wakingoja ugomvi. Waliupata mmoja tu, wa mbuzi aliyekula muhogo wa mtu, nao ulikwisha kwa wajumbe kumla mbuzi. Kwa hiyo konfli ya Mama Clémentine ilipokelewa kama mvua ya kwanza. Walikuja wote, wamevaa, nyuso zimenyooka kama watu wa msiba, lakini macho yanacheka.

Mama Clémentine akawauliza huyo Dalo ni nani. Pasta akashangaa: wewe ndiye unagombana naye, halafu unatuuliza sisi? Kisha akafungua Injili, akamsomea mahali Bwana anaposema mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza apatane na ndugu yake. Kwa hiyo, akasema kwa upole mwingi, furu lipoe. Mwenye ugomvi hawezi kuoka mkate wa Meza ya Bwana. Wakishapatana, ataoka.

Na watu, wakisikia kwamba mkate wake haufai kanisani, waliona haufai hata kwa chai. Hawakumchukia. Nani tu anataka kumeza ugomvi wa mtu asubuhi?

Furu likapoa. Hilo ndilo lililomchoma Mama Clémentine kuliko fulana zote. Furu la udongo linaishi kwa moto. Likikaa baridi linavuta unyevu, likivuta unyevu linapasuka, na aliyejua kuliziba yuko kaburini. Alikuwa akilipapasa tumbo kila asubuhi kama mtu anayepapasa mgonjwa, akitafuta ufa.

Akaanza kumtafuta Dalo kichwani. Alipitisha watu wote aliowahi kuwatukana, akianza na wa kanisani ili amalize haraka. Kazi ilimchukua mpaka chakula kikaiva, kikapoa, na bado alikuwa hajatoka kwenye kwaya. Hakumpata Dalo yeyote.

Jirani yake Hawa, aliyekuwa akiuza mchele na kumcheka tangu wakiwa wasichana, alikuja kumsaidia. Hawa ni muislamu na Clémentine ni mprotestanti, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba atamwombea mwenzake mlangoni siku ya mwisho. Hawa alikumbuka Dalo mmoja wa Salamabila, mchimba dhahabu, aliyemeza maandazi bila kutafuna. Lakini yule alikuwa mwembamba na mpole, hangeweza kugombana na mtu kwa mbali namna hii.

Basi wakamwambia Dady amwulize injinieri: huyo Dalo yukoje? Na Ruphin, ambaye tangu atoke Kinshasa hakuna mtu aliyewahi kumwuliza habari za kazi yake, alifurahi sana akajibu kwa urefu. Dady alishika alichoweza kushika, akakileta vipande vipande, kila safari na kipande chake.

Safari ya kwanza alisema Dalo ni mpana, na mwili wake wote ni beto na vyuma, zege tupu. Wanaume wa kamati wakaangaliana.

Safari ya pili alisema Dalo analala chini ya barabara, na maji yote ya kilima yanapita ndani yake. Hawa akasema mtu wa kunywa hivyo na kulala barabarani anamjua, tena ni ndugu wa mume wake, ila jina ndilo limebadilika.

Safari ya tatu alisema Dalo ana mabawa.

Hapo kamati iligawanyika. Kuna waliosema ni malaika, na kuna waliosema mwenye kulala chini na kuwa na mabawa ni popo. Pasta Gédéon alifikiri sana. Akasema malaika wa Bwana hagombani na mjane, na kama huyu ni malaika wa upande mwingine, basi kesi si ya kamati, ni ya kanisa, itabidi wavue fulana na kufunga kula. Waliposikia kufunga kula, wote wakakubali kwamba Dalo ni mtu.

Maneno ya watu hayana breki. Kufika katikati ya juma kulikuwa na waliosema kwamba mwanaume mwenye nguvu za namna ile hawezi kuwa na konfli na mjane, ila anataka kuoa, ameona haya tu. Mama Clémentine alizima upuuzi huo kwa maneno makali. Kisha akafunga kitambaa chake kipya kichwani, kwa sababu, alisema, kile cha zamani kinaleta joto.

Na alimwombea. Alipiga magoti kando ya furu lililopoa akamtaja kwa jina: Bwana, umguse Dalo moyo wake, hata kama ni wa beto.

Ruphin akafika, nyuma ya pikipiki ya Dady, kijana mwenye miwani iliyojaa matope na tableti ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuta uwanja umefagiliwa. Wajumbe wamekaa kwenye benchi ya kanisa, Hawa ameegemea ua, na katikati viti viwili vinatazamana: kimoja cha Mama Clémentine, na kingine cha Dalo. Cha Dalo kilikuwa kile cha mwisho cha Antoine. Mama Clémentine alikichagua mwenyewe.

Ruphin, aliyechoka na barabara, aliona kiti kitupu akakikalia.

Kiti kilisema bim.

Walimwinua, wakampangusa, wakampa pole na mahali kwenye benchi. Mama Clémentine akatazama vipande vya kiti chini, akasema polepole kwamba Antoine hajabadilika. Pasta akafungua kwa sala, sala ndefu iliyopita Kabambare, ikazunguka nchi yote ya Maniema ikarudi, kisha akamgeukia mgeni akauliza: Dalo yuko wapi?

“Dalo?” akasema Ruphin. “Bado hatujamujenga.”

Kuku mmoja alipita katikati ya mkutano na hakufukuzwa.

Ruphin ilibidi aeleze. Dalo si mtu. Dalo ni sanduku la beto linalowekwa chini ya barabara, maji yapite ndani yake yasikate njia. Mabawa yake ni kuta za pembeni zinazoyakusanya maji na kuyaingiza. Dady, ambaye maisha yake yote aliona madaraja ya magogo tu, na lile la Salamabila lilimwangusha hivi karibuni, alianza kuangalia tairi ya pikipiki yake kwa makini sana.

Mjumbe mmoja akauliza sanduku ambalo halijajengwa linagombana vipi na mama wa watu. Ruphin akatoa tableti, wakamzunguka wote. Kazi yetu, akasema, inaitwa BIM. Mtu fulani nyuma akasema wamekwisha kuisikia. Ruphin naye akacheka, akiwa bado anajishika kiuno, akaendelea. Zamani mmoja alichora barabara, mwingine akachora maji, mwingine nguzo za umeme, kila mmoja kwenye karatasi yake, na karatasi zilikutana siku jembe liko chini tayari. Siku hizi wanajenga kwanza yote pamoja ndani ya mashine, barabara ya uongo inayofanana na ya kweli, wanaiita maketi. Kila kitu humo kina jina lake, kimo chake, na mwenyewe. Vitu viwili vikitaka kukaa mahali pamoja, mashine inavipaka wekundu na kusema: konfli. Ni afadhali vipigane humu ndani, akasema, kuliko vipigane kwenye matope.

Mama Clémentine akaomba aone. Akaona. Kilima kilikuwa kile kile, nyumba yake ile ile, mpera, choo, ghala la mchele la Hawa. Barabara ilipita laini, nyororo, barabara ya kuonea haya. Na chini yake Dalo, mpana kweli kama alivyosemwa, bawa lake la kushoto limeingia ndani ya tumbo la furu. Hapo palikuwa pekundu kama pilipili.

Aligusa wekundu ule kwa kidole, wala haukuwa na joto. Pakafunguka neno la Kifaransa. Akamwuliza Ruphin wameandika nini.

Ruphin alipangusa miwani. Wameandika kichuguu, akasema. Kadege kaliona kitu cha udongo, cha mviringo, na mashine ikakipa jina ilivyozoea.

Mama Clémentine aliwatazama wajumbe mmoja mmoja. Halafu akasema:

“Mwanangu, niambie. Kanisa lote hili, miaka yote hii, limekula mwili wa Bwana kutoka ndani ya kichuguu?”

Pasta Gédéon alishikwa na kikohozi. Hawa alicheka mpaka akaushika ua, na ua ukalalamika. Alipopata pumzi alisema kwamba mashine haikudanganya sana, udongo wenyewe si Antoine aliuchimba kwenye kichuguu?

“Na wewe, Hawa, Mungu alikuumba kwa udongo. Wakuandike shamba?”

Hawa akamwambia asome vitabu vyake vizuri. Wa udongo ni Adamu. Yeye ni ubavu.

Ruphin akangoja wamalize, kisha akasema jambo ambalo halikumchekesha mtu. Dereva wa tingatinga atapata kazi yake kutoka kwenye maketi hii hii. Akiona kichuguu, atapita juu yake bila kushuka wala kumwuliza mtu, kwa sababu kichuguu hakina mwenyewe. Ruphin mwenyewe alikuwa karibu kukipitisha, ila kwenye picha za kadege aliona kinatoa moshi.

“Nikasema, mchwa hawapiki,” akasema. “Ndiyo nikamutuma Dady.”

Mama Clémentine akamtazama yule kijana upya, miwani na matope yake. Akamwambia kwanza aandike jina. Ruphin akafuta kichuguu akaandika, herufi kwa herufi, huku mama akisimamia kama mwalimu wa mwaka wa kwanza: Furu ya Mama Clémentine. Alimrudisha kwenye ile alama ya juu ya e, ambayo watu wa ofisi huisahau.

Lakini wekundu ulibaki pale pale. Jina halikuondoa ugomvi, lilionyesha tu ni wa nani.

Wakaanza kutafuta njia. Ruphin akamsogeza Dalo juu kidogo, na mashine ikaonyesha maji yakimpita pembeni na kukata barabara. Akamsogeza chini, na wekundu ukahamia kwenye ghala la Hawa, naye Hawa akaacha kucheka mara moja. Akamrudisha. Ruphin akasema taratibu kwamba maji ndiyo mwenye mahali pale, na Dalo anayafuata tu. Kama hakuna namna, kampuni itamjengea mama furu lingine, zuri, la matofali ya kuchomwa, upande wa pili.

Alisema kwa nia njema. Mama Clémentine aliwaacha na mashine yao. Alikwenda akaweka kiganja chake juu ya furu, mahali ambapo bado panaonekana alama za vidole vya Antoine, akasimama hivyo amewapa mgongo.

Pasta Gédéon ndiye aliyesimama, akaivuta fulana yake chini juu ya tumbo. Ugomvi aliungoja muda mrefu, na hakukubali uishe bila yeye. Akasema kamati ina sheria yake: hakuna anayetoka kwenye mapatano na kila kitu alichokuja nacho. Mama atoe, na Dalo atoe. Akaichukua tableti, akaiweka juu ya vipande vya kiti, mahali pa Dalo, akamwambia Ruphin awe mdomo wake.

Ruphin alikaa akiangalia mashine. Akaligusa lile bawa, akalipima, akapima maji tena. Akasema Dalo anaweza kulikunja bawa la kushoto, liwe fupi, ligeukie barabara, na pembeni yake watapanga mawe maji yasile udongo. Lakini hata likikunjwa, linahitaji nafasi ya lile banda la kuni lililoegemea furu.

Banda nalo lilikuwa la mkono wa Antoine. Kwa hiyo halikuwa limeegemea kwa mapenzi, lilikuwa limeegemea lisianguke. Mama Clémentine aliliangalia, kisha akaliangalia furu.

“Achukue banda,” akasema. “Antoine mwenyewe angelitoa. Liko linamutia haya.”

Ruphin akakunja bawa kwa kidole kimoja, akafuta banda. Wekundu ukaondoka, pakawa kijani. Mama Clémentine akauliza kama ndiyo basi. Akaambiwa ndiyo basi. Hakuamini, maana hakuna mtu aliyepiga kelele wala mbuzi aliyekufa.

Pasta naye hakuamini. Alisema mapatano bila msamaha na bila kula pamoja ni mazungumzo tu. Akamtaka Ruphin aseme kwa niaba ya Dalo, naye Ruphin, ambaye pale shuleni kwao hawakumfundisha somo hilo, akasimama akavua miwani.

“Mama, Dalo anaomba musamaha.”

“Nimemusamehe. Ila apunguze kunywa.”

“Kunywa ndiyo kazi yake, mama.”

Mama Clémentine akafikiri, akasema basi anywe, lakini upande wake.

Siku ile ile furu likawashwa, kwa kuni za banda lililohukumiwa. Mama Clémentine alilisikiliza likipata joto, akilitegea sikio kama litapasuka, na halikupasuka. Mkate wa kwanza uliwekwa mbele ya tableti. Ruphin aliula kwa niaba ya Dalo, kisha akala mwingine kwa niaba yake mwenyewe. Dady hakuthubutu kuomba. Mama Clémentine alimtupia mmoja bila kumwangalia, na kusema kwamba mdomo ukijaa hauleti habari. Hawa alinunua wa chai mbele ya watu wote, kwa sauti. Na Jumapili ya Ushirika mkate wa Meza ya Bwana ulitoka pale unapotoka siku zote, ingawa wakati Pasta alipouinua na kuumega, benchi za nyuma zilisikika zikisema kichuguu, na mabega ya kwaya yote yakatikisika katika wimbo wa toba.

Tingatinga lilikuja kabla ya mvua. Dereva alishuka na tableti yake, akasoma, akaangalia furu, akasoma tena, kisha akamwamkia mama kwa jina. Banda lilianguka lenyewe tingatinga likiwa bado mbali. Dalo akajengwa, wa beto na vyuma, bawa la kushoto limekunjwa kama la kuku anayelalia. Ndilo bawa ambalo wateja wanalikalia wakingoja mikate, nalo hadi sasa halijaangusha mtu. Mama Clémentine anamwita shemeji.

Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga, kilima kiliachia maji yote kwa mara moja. Hawa alikimbia kuja kuona, nguo kichwani. Alimkuta Mama Clémentine amesimama mlangoni mwa furu, moto nyuma yake, anamsikiliza Dalo akinguruma chini ya barabara, amejaa mpaka shingoni. Maji yalifika kwenye mawe ya pembeni, yakajaribu, yakarudi. Furu lilikuwa kavu.

“Kunywa, shemeji,” akamwambia. “Kunywa yote. Ila ulevi wako usiniletee huku, niko na mikate ndani.”